Saa 10:14

Mashine ilikuwa imegoma tena, mara ya sita ndani ya mwezi mmoja, na Fundi Bomba alikuwa amepiga magoti mbele yake, miwani imemshuka hadi ncha ya pua. Kioo cha televisheni kilikuwa cheusi, na katikati yake mstari mmoja wa maandishi: hifadhidata imeharibika, maktaba haiwezi kufunguka. Hiyo iliyoitwa maktaba ilikuwa boksi la kompyuta kuukuu chini ya meza ya televisheni, lisilo na kifuniko cha ubavuni. Kitinda mimba wa Fundi Bomba ndiye aliyeliunda kwa vipande vya kuokoteza. Alitia humo kila picha na kila video ya familia, zikajipanga zenyewe kwa majina, ili mama yake abonyeze kitufe kimoja tu aone anachotaka. Kisha kijana huyo akaugua, akafa. Huu ulikuwa mwaka wa pili.

"Yuko wapi?" mke wake aliuliza kutoka kwenye kochi.

"Anakuja, Sista. Subiri kidogo."

"Toka asubuhi anakuja tu?"

Mtaa mzima ulimwita Sista, kwa kuwa alikuwa muuguzi wa wodi miaka thelathini na mmoja, na mume wake naye akazoea hivyo hivyo. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemnyang'anya mambo mengi, na mojawapo ni mazishi ya mwanawe. Kila asubuhi aliamka akimtafuta chumba hadi chumba, akifungua makabati na kuinama chini ya vitanda. Mwanzoni walimwambia ukweli. Waliacha siku ya nne, kwa sababu kila alipoambiwa alilia upya, na hakuna aliyekuwa na kifua cha kumfisha mtoto mbele ya mama yake kila siku inayokucha.

Dawa waliyoipata ni video moja. Ilikuwa ya dakika arobaini na kitu: kijana anapaka rangi sebule hii hii, anaimba ovyo, anamtania baba yake, kila mara anarudi mbele ya kamera na kuuliza, "Mama, naonekana?" Sista akiiona alitulia. "Kumbe yupo," alisema, akakaa. Hapo Fundi Bomba aliweza kufunga mlango kwa nje na kwenda kuzibua mabomba ya watu hadi saa sita mchana. Ndiyo, alimfungia mkewe ndani. Hakupenda neno hilo, na kwa hiyo hakulitamka kamwe, alisema, "nimemwacha na mtoto."

Bila mashine hapakuwa na kazi wala utulivu, na sura ya kijana ikitembea na kusema haikuwa mahali pengine popote duniani.

Basi alihangaika nayo kwa akili ya fundi mabomba, ambaye hafukui nyumba nzima kwa sababu ya tone moja. Hufunga koki ya kwanza, huangalia, huifungua, huenda ya pili. Alibadilisha waya. Alitoa kijikadi cha kumbukumbu ya ndani, akakipangusa kwa kitambaa, akakirudisha. Alihamisha boksi mbali na dirisha. Kila mara alimalizia kwa kufuata ukurasa wa daftari ambao kijana alimwandikia kwa herufi kubwa, unaoanza, BABA, IKIGOMA USIIPIGE KOFI. Ukurasa ulieleza namna ya kuondoa hifadhidata mbovu, yaani ile orodha ya picha na video, na kurudisha ya zamani. Mashine iliamka, lakini kila ilipoamka ilikuwa imepoteza kitu. Majina yalifutika. Picha za shule ziliingia kwa za msiba. Arusi ya binti yao ilijikuta chini ya kichwa kisemacho Haijulikani.

"Hapo mashine imesema kweli, Baba," binti alisema siku alipoiona. "Hata mimi sijui ile arusi ilikuwa ya nini."

Binti huyo alikuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda. Asubuhi na mapema alikwenda kupika kwenye shule moja ya bweni, alasiri alipiga pasi nguo za watu hapo sebuleni. Jioni hiyo, mashine ilipoamka kwa mara ya sita, alisimama nyuma ya baba yake akamwambia kwa sauti ya chini.

"Baba, mimi ningesema tuziache hizi video. Nikirudi kazini namkuta Mama amebadilika. Macho mekundu, mikono ameikunja, haongei."

"Amechoka kukaa peke yake."

"Sio uchovu ule."

"Unataka arudi kufungua makabati?"

Binti akaenda kukunja nguo za watu. Ni swali lililomnyamazisha kila mara, na baba yake alilijua hivyo.

*

Siku ya pili haikuamka kabisa. Alisubiri binti arudi amwangalie mama yake, akalifunga boksi kwa shuka, akalipakia nyuma ya baiskeli na kuikokota hadi duka la kutengeneza kompyuta. Ndani alimkuta mwanamke wa makamo amevaa koti la kazi, bisibisi nyuma ya sikio.

"Shikamoo mzee. Karibu."

"Marahaba, mama. Nimemfuata fundi."

"Umemfikia."

"Fundi mwenyewe, namaanisha."

"Ndiye huyu, mzee. Ukitaka mwenye ndevu, duka la tatu kushoto, ila huyo ataniletea mimi."

Wateja wawili walicheka. Fundi Bomba, aliyezoea kuheshimiwa katika ufundi wake, aliona masikio yanamchoma. Akaliweka boksi mezani. Mwanamke aliliunganisha na kioo, akasoma mistari mirefu iliyopanda bila kukoma, akaguna, akasoma tena.

"Umebadilisha nini na nini?"

Akamtajia vyote.

"Umejitahidi. Lakini hii haiumwi, mzee. Inakatwa umeme ghafla, tena kwa wakati mbaya kuliko wote. Video ikifika mwisho, mashine inaandika kwenye hifadhidata yake: hii imetazamwa yote. Kwa boksi kuukuu kama hili ni kazi ya dakika mbili tatu. Hapo hapo katikati ya kuandika, pap! Giza. Ukimnyang'anya mtu kalamu katikati ya neno, unategemea nini?"

"Umeme wa mtaani unakatika sana."

"Wa mtaani hauna ratiba. Huu una ratiba." Alichukua ganda la boksi la betri, akaandika kwa kalamu ya wino: saa 10:14. Saa 10:09. Saa 10:21. Saa 10:12. "Angalia. Nyumbani kwako kuna mtu anachomeka au kuchomoa kitu muda huo? Pasi, jiko, chochote?"

Fundi Bomba alilishika lile ganda kwa mikono miwili. Alikwishapata jibu lake, na mtu akipata jibu alilokuwa akilitafuta hulisoma mara moja tu.

"Na jambo jingine," mwanamke alisema. "Hizi katakata zimeijeruhi diski. Leo nimekuamshia, kesho sijui. Niachie siku mbili nitoe nakala ya kila kitu."

"Siku mbili siwezi."

"Moja, basi. Kesho jioni uje kuchukua."

"Mama, hata asubuhi moja siwezi."

Alimtazama, akingoja sababu. Fundi Bomba alilivuta boksi kwake. Angemwambiaje mtu asiyemjua kwamba mkewe hufungiwa ndani na mtoto aliyekufa, na kwamba boksi hili ndilo ufunguo? Alilifunga tena kwa shuka, akaaga.

*

Alifika nyumbani saa kumi kasoro. Binti alikuwa ametandika blanketi juu ya meza, pasi imechomekwa kwenye ekstensheni ile ile ya televisheni, na marundo ya mashati ya watu pembeni. Fundi Bomba hakulitua boksi chini. Alisimama nalo mlangoni.

"Saa ngapi sasa?"

"Saa kumi hii, Baba. Pole na safari. Wamesemaje?"

"Saa kumi." Alilitua boksi, akatoa ganda mfukoni, akaliweka juu ya shati alilokuwa akilinyoosha. "Soma. Kumi na dakika kumi na nne. Kumi na dakika tisa. Soma mwenyewe, wewe macho yako mazima."

Binti alisoma. "Ndiyo nini?"

"Ndiyo saa unazochomoa mashine uchomeke pasi yako."

"Sijawahi kuchomoa kitu. Soketi ziko nne, nichomoe nini? Tena mimi naikuta imezimwa. Kila siku naikuta imefunikwa shuka, swichi ya ekstensheni iko chini, naiwasha. Nilidhani unaizima wewe ukitoka."

"Mimi natoka inaonyesha."

"Basi sijui. Lakini sio mimi."

"Tuko watu watatu humu ndani. Mimi siko, mama yako anakaa kwenye kochi. Nimtafute nani? Panya?"

"Baba, nimekwambia naikuta..."

"Mdogo wako amekufa mara moja!" Fundi Bomba alipaza sauti. "Mara moja ilitosha. Wewe unamuua kila siku kwa ajili ya mashati ya watu."

Maneno mengine mtu akiyatoa huyasikia yeye kwanza. Fundi Bomba aliyasikia, akatamani kuyarudisha, lakini alikuwa baba, na alikuwa na ushahidi wa maandishi. Aliyaacha pale yalipoangukia.

"Punguzeni sauti," Sista alisema kutoka kwenye kochi, kwa ule ukali wake wa zamani wa kikazi. "Kuna wagonjwa wamelala."

Binti alichomoa pasi, akaiacha ipoe. Aliyakunja mashati yote, yaliyonyooshwa na yasiyonyooshwa, akayafunga bunda moja. Alimbusu mama yake kwenye paji la uso.

"Nitakuwa kwa mwenzangu wa jikoni. Uji uko kwenye chupa. Mama haogi bila kuambiwa kwanza maji yana joto gani, na nguo ya ndani avalishwe akiwa amekaa. Kama hujui, sasa utajua."

*

Hakujua. Asubuhi iliyofuata alimwogesha mkewe kwa mara ya kwanza tangu augue, akayamwaga maji nusu sakafuni, akamvalisha gauni nyuma mbele. Siku hiyo Sista hakumjua yeye ni nani.

"Wewe mpya?" alimwuliza. "Mikono yako mizito, lakini una adabu. Utajifunza."

"Ndiyo, Sista."

Simu ililia. Alikuwa mteja mmoja, bomba limepasuka jikoni kwake. "Fundi, maji yamefika sebuleni, zulia linaelea! Uko wapi?" Fundi Bomba alisema yuko njiani, akaizima simu, akaenda kusuuza vyombo. Asubuhi hiyo hakutoka, maana hapakuwa na binti wa kurudi mchana; kwa mara ya kwanza video ingeonyesha naye yumo ndani. Saa tatu u nusu aliwasha video. "Kumbe yupo," Sista alisema, akakaa.

Kutoka jikoni alimsikia mwanawe akiimba, akasikia na sauti yake mwenyewe ya miaka minne iliyopita ikilalamika kwamba rangi inadondokea viatu. Alisugua sufuria. Ule mwisho aliujua kwa moyo: kazi imekwisha, kijana anajitupa kwenye benchi, mikono imelegea, rangi nyeupe imemjaa usoni. "Nimekwisha mimi," anasema, anafumba macho kwa mzaha, na picha inaganda hapo hapo.

Ukimya ulipoingia, Fundi Bomba aligeuka kuchukua kitambaa. Kupitia mlangoni alimwona mkewe amesimama.

Alisimama wima, si kwa kujivuta kama siku zote. Alikwenda hadi kwenye televisheni, akaweka vidole viwili juu ya kioo, pale kwenye shingo ya kijana. Akangoja. Midomo yake ilihesabu. Akainua macho kwenye saa ya ukutani, akaitazama vizuri. Kutoka chini ya mto wa kochi alitoa daftari dogo na kipande cha penseli, akaandika. Kisha akainama, na kwa kidole gumba akabonyeza swichi ya ekstensheni. Feni ndani ya boksi ilipunguza mlio, ikanyamaza. Sista alivuta shuka lililokuwa mgongoni mwa kochi, akaifunika televisheni kutoka juu hadi chini, akainyoosha mikunjo kwa viganja. Alifanya yote hayo bila kukosea hata kitu kimoja, yeye ambaye hakuweza kuvaa kiatu.

Halafu akarudi kukaa, akakunja mikono, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

Sufuria ilibaki mkononi mwa Fundi Bomba. Alingoja mpaka mkewe akasinzia, ndipo alipolitoa lile daftari. Alikuwa akimwona nalo kila mara, akidhani ni michoro ya mtu asiyejua afanyalo. Kumbe kila ukurasa ulikuwa na mistari miwili iliyonyooka na sahihi chini yake. 10:14. Wa kiume, miaka ishirini na tisa. Mapigo hakuna. 10:09. Wa kiume, miaka ishirini na tisa. Mapigo hakuna. 10:21. Kurasa zilikuwa hamsini na tatu.

Alilichukua ganda la betri, akaliweka kando ya daftari. Dakika ni zile zile. Alitazama ukutani: mshale mfupi ulikuwa umepita kidogo namba kumi, na nje watoto wa shule ya jirani walikuwa kwenye mapumziko ya asubuhi. Saa nne. Kumi ya yule fundi ilikuwa kumi ya mashine, ya saa za Kizungu, na kumi ya mkewe ilikuwa kumi ya wodini, inayoandikwa kwenye vyeti vya vifo. Ni yeye peke yake aliyeisoma kumi ya alasiri, kwa sababu alasiri ndipo alipokuwa na mtu wa kumlaumu.

Na kosa la saa halikuwa kubwa kuliko jingine. Siku hamsini na tatu, kwa mkono wake mwenyewe, amemwekea mkewe mtoto afe mbele yake, kisha akafunga mlango kwa nje.

*

"Mwanangu," alisema kwenye simu. Upande wa pili alisikia kelele za masufuria ya shule.

"Nakusikia, Baba."

"Ile kumi ilikuwa saa nne. Asubuhi. Ni mama yako." Akamweleza yote: vidole shingoni, penseli, swichi, shuka. Alieleza haraka haraka, asije akaishia njiani. "Nimekukosea. Yale maneno..."

"Nilikwambia, Baba." Sauti ya binti haikuwa na hasira, na hilo lilimuumiza zaidi. "Nilikwambia sio uchovu."

"Uliniambia."

"Usimwekee tena."

"Simwekei. Kesho naipeleka ikatolewe nakala, basi. Utarudi?"

"Jumamosi. Nisubiri hadi Jumamosi." Akakata.

Alikuwa na nia ya kweli, hilo asidhulumiwe. Lakini asubuhi Sista aliamka akafungua makabati. Aliinama chini ya vitanda. Saa mbili alikuwa akiuliza, saa mbili u nusu akipiga kelele, na ilipofika saa tatu alikuwa akigonga mlango kwa viganja vyote viwili huku akimwita mwanawe. Majirani walikusanyika dirishani.

"Mzee, kuna nini humo? Unamfanya nini Sista?"

"Hakuna kitu. Anaumwa."

"Anaumwa umemfungia? Mfungulie!"

"Akitoka ataingia barabarani!"

"Kwa hiyo dawa ni kumfungia? Mtu aliyetuzalisha sisi wote hapa!"

Viganja vya Sista vilikuwa vimeanza kutoa damu. Fundi Bomba alimshika, akasukumwa. Hakuwa na koki nyingine ya kufunga. Alikwenda kwenye meza, akaondoa shuka, akawasha ekstensheni, akapiga magoti dakika kumi na tano akifuata ukurasa wa daftari, huku nyuma yake mlango ukidundwa. Mashine iliamka.

"Mama, naonekana?" kijana aliuliza.

Mlango ukanyamaza. "Kumbe yupo," Sista alisema, akaja kukaa. Majirani wakaondoka mmoja mmoja, wakiguna.

Safari hii alikaa kando yake. Wakaitazama pamoja tangu mwanzo, rangi, nyimbo, viatu. Kijana alipoanza kuosha brashi, Fundi Bomba alichukua rimoti. Angeizima kabla ya benchi, na asife. Ilikuwa rahisi hivyo, akajishangaa kutoifikiria mapema. Mkono wa Sista ulimdaka kifundo cha mkono, una nguvu.

"Acha."

"Sista, tupumzike kidogo."

"Huyu yuko mwishoni, huoni? Mtu haachwi peke yake saa hizi." Hakuondoa macho kwenye kioo. "Kama unaogopa, toka nje. Mimi nitabaki naye."

Hakutoka. Kijana alijitupa kwenye benchi, akasema amekwisha, akafumba macho. Fundi Bomba, aliyeiona picha ile mara mia na kuicheka, aliiona sasa kwa macho ya mkewe: mikono imelegea, uso mweupe, kifua kimesimama. Sista aliinuka, akaweka vidole, akahesabu, akatazama saa, akaandika. Alipoinama kwenye swichi, mume wake angeweza kumzuia. Alimwacha amalize kazi yake. Feni ikanyamaza. Yule mwanamke wa dukani angekuja kufungua diski siku chache baadaye, akaisikiliza, akatikisa kichwa, lakini Fundi Bomba hakumhitaji amwambie. Alijua pale pale kwamba diski imekufa.

Walishika shuka pamoja, huku na huku, wakalinyoosha.

"Umefanya vizuri," Sista alimwambia. "Wapya wengi hukimbia." Akafuta mikono kwenye gauni, akaonekana anakumbuka jambo lililobaki. "Ana baba huyu. Nilimwona hapo nje. Nani atakwenda kumwambia?"

Fundi Bomba aliweka rimoti mezani.

"Nitamwambia mimi."

"Mwambie taratibu. Na kwanza akae. Usimwambie mzee kama yule akiwa amesimama."

Fundi Bomba alivuta kiti, akakaa.